Programu Iliyojaza Simu ya Mzee Luhaga

Duka la Lukresia liko mjini Bariadi, nyuma ya soko. Anauza mbegu, dawa za kunyunyizia pamba, dawa za minyoo ya ng'ombe na chanjo za kuku. Kila asubuhi anafagia mbele ya mlango na kupanga pampu za kunyunyizia kwenye benchi. Kisha anafungua friji na kuangalia kipimajoto. Chanjo haitaki joto. Umeme ukikatika, Lukresia anakimbia kutafuta barafu.

Wateja wake wengi hawakai mjini. Wanatoka Ngulyati, wanatoka Mwamapalala, wengine wanatoka mbali zaidi. Mtu anapanda bodaboda, anafika amejaa vumbi, anauliza chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa kuku. Siku nyingine anaipata. Siku nyingine anaambiwa, "Imeisha jana. Njoo Alhamisi." Anarudi kwake mikono mitupu.

Kwa hiyo watu walianza kupiga simu kwanza. Simu ya Lukresia iliita asubuhi, ikaita mchana, ikaita hata akiwa kanisani.

"Mama Josia, simu hii itakuchosha," alisema mumewe, Januarius. Januarius ni mwalimu wa sekondari, na Jumamosi humsaidia mkewe dukani.

"Haitanichosha tena," alijibu Lukresia. "Natengenezesha app."

Wazo hilo alilipata Mwanza alipokwenda kununua bidhaa. Mfanyabiashara mmoja alimwonyesha app ya kampuni yake kwenye simu. Ilikuwa na jina la kampuni na alama yake, inang'aa. Lukresia aliitamani. Alijiona na yeye akiwaonyesha wenzake wa Bariadi: hii hapa, yangu.

Akampata fundi wa programu za simu, kijana mpole anayeitwa Raymond. Raymond alimuuliza swali la kwanza kabisa.

"Mama, wateja wako wanatumia simu gani?"

"Simu za kawaida tu."

"Mpya au za zamani? Zina nafasi?"

"Raymond, mimi nataka app. Mtu aandike jina langu kwenye duka la programu, anione, kama anavyoona makampuni."

"Sawa, mama. Ila kuna njia nyingine nyepesi. Inafungukia kwenye wavuti, lakini inafanya kazi kama..."

"Tovuti? Tovuti kila mtu anayo," Lukresia alimkatiza. "Nimesema app."

Raymond akaanza kazi. Mwenye mali ameshasema.

App ikawa tayari mwezi wa saba. Ilionyesha chanjo imefika lini na imebaki kiasi gani. Mteja aliweza kuagiza akiwa kwake, akawekewa. Wazo lilikuwa zuri. Lukresia aliandikisha jina la app ukutani kwa rangi nyekundu. Akabandika karatasi mlangoni: KUAGIZA NI KWENYE APP TU. Tangu siku hiyo akaacha kupokea simu za wateja. Ilipoita, aliitazama tu mpaka ikanyamaza.

* * *

Ijumaa moja mchana duka lilikuwa limejaa watu. Mzee Luhaga wa Ngulyati aliingia, akavua kofia.

"Mwadila, mayu," alisalimia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila, baba. Umeweka app?"

Mzee Luhaga alitoa simu yake mfukoni. Ilikuwa simu janja, lakini ya zamani, kioo chake kimepasuka pembeni. "Nimejaribu, mayu. Inaniambia nafasi imejaa."

Lukresia aliichukua. Nyuma ya mzee kulikuwa na foleni. Aliperuzi harakaharaka, akaona picha nyingi na video.

"Baba, simu hii imejaa takataka," alisema kwa sauti. "Futa vitu! Wenzako wanaenda na wakati, wewe umekumbatia mapicha."

Watu kwenye foleni wakacheka. Mzee Luhaga naye akacheka kidogo, cheko la mtu asiyejua auweke wapi uso wake.

"Sawa, mayu," alisema. "Nitafuta."

Jumatatu alirudi. App ilikuwa imeingia kwenye simu yake.

"Umeona?" alisema Lukresia. "Si nilikwambia?"

"Uliniambia," alijibu mzee.

* * *

Mwezi wa tisa kideri kiliingia vijijini. Kideri hakina dawa. Kuku akishaugua, huwezi kumponya. Unachoweza ni kumchanja mapema, kabla ugonjwa haujafika.

Lukresia alileta chanjo ya kutosha. Akaweka tangazo kwenye app, akasubiri maagizo. Yalikuja kumi na moja tu. Alishangaa. Zamani angepata watu sitini, sabini.

"Watu wavivu," alimwambia mumewe. "Unawaletea maendeleo mpaka mlangoni, hawataki."

 Jumamosi iliyofuata Januarius alikwenda Ngulyati kwenye msiba wa ndugu wa mwalimu mwenzake. Aliporudi alikaa kwenye kiti bila kuvua viatu.

"Kuku wa mzee Luhaga wamekwisha," alisema.

"Wamekwisha vipi?"

"Kideri. Alikuwa na kuku hamsini na kitu. Wamebaki watatu."

"Sasa mbona hakuagiza? App si anayo?"

Januarius aliinama kuvua viatu. "Nenda ukamuulize mwenyewe," alisema.

Kesho yake, baada ya ibada, Lukresia alikodi bodaboda mpaka Ngulyati. Njiani alikuwa anapanga maneno. Atampa mzee pole, kisha atamweleza kwa upole umuhimu wa kuagiza mapema.

Alimkuta mzee Luhaga nyuma ya nyumba, ameshika jembe, anafukia shimo. Shimo lilikuwa refu. Pembeni palikuwa na manyoya, meupe na mekundu, yanapeperushwa na upepo. Banda la kuku lilikuwa wazi na kimya.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu. Karibu." Mzee aliweka jembe chini, akaleta kigoda, akakipangusa kwa mkono.

"Mhola?"

"Mhola duhu," alijibu mzee, yaani ni salama tu. Lakini salama haikuwepo, na wote wawili walikuwa wanaliona lile shimo.

"Pole sana, baba," alisema Lukresia. "Lakini chanjo ilikuwepo. Nilitangaza kwenye app."

"Kwenye app sikuona. Ilifunguka wiki tatu. Kisha ikaandika kwamba imekuwa ya zamani, nipakue mpya. Nikijaribu kupakua, inasema nafasi haitoshi."

Lukresia akakumbuka. Mwezi wa nane alimwambia Raymond abadilishe ukurasa wa kwanza. Alitaka iwekwe picha yake mwenyewe, kubwa, amevaa kitenge kipya. Raymond alimwonya kuwa kila mteja atalazimika kupakua upya. Yeye alisema, "Wapakue, tatizo liko wapi?"

"Ungenipigia simu, baba," alisema kwa sauti ndogo.

"Nilipiga. Siku nne nilipiga."

Lukresia alitazama chini. Akasema lililokuja kwanza mdomoni. "Labda... labda ungefuta vitu vingine kidogo, ingeingia."

Mzee Luhaga alitikisa kichwa taratibu. "Nifute nini tena, mayu? Vilivyokuwepo nilikwishafuta. Vilikuwa vya mke wangu, Kwandu."

Lukresia alijua kwamba mke wa mzee Luhaga alifariki mwaka juzi. Alikwenda hata kwenye mazishi.

"Kulikuwa na picha zake," aliendelea mzee. "Na video moja, ndefu kidogo. Anachambua pamba hapo ulipokaa, anaimba. Hakujua kama namchukua. Alipogundua, akanirushia pamba usoni. Sauti yake ilikuwa humo. Siku uliyoniambia nifute takataka, nilikaa nayo jioni nzima. Nikajiambia: marehemu hana njaa. Kuku wako hai, wanataka chanjo, na wajukuu wanasoma kwa mayai yao. Nikafuta."

Upepo ukavuma. Lukresia alihisi uso unamwaka kama mtu aliyeinamia jiko.

"Hukumpa mtu nakala? Watoto?"

"Ilikuwa kwangu tu."

Alitaka kuomba msamaha. Lakini aliona kwamba samahani ni neno dogo mno mbele ya shimo lile. Aliaga kwa haraka, akaondoka. Kwenye bodaboda alijifunika uso kwa khanga, dereva akafikiri anajikinga na vumbi.

* * *

Siku ya pili hakufungua duka mpaka saa nne. Alikaa uani, sufuria ya uji mbele yake, uji umeganda juu. Jirani yake, madam Harieth, alitoka kuanika nguo. Harieth ametokea Upare. Alihamishiwa Bariadi miaka miwili iliyopita, anafundisha kompyuta chuoni.

"Mama Josia, unaumwa?"

"Siumwi, madam. Nina aibu."

Akamweleza yote. Hakuficha kitu. Alieleza maneno aliyomwambia mzee mbele za watu, na jinsi watu walivyocheka. Alieleza ile picha ya kitenge. Alipofika kwenye video ya marehemu, alilia.

Harieth aliacha nguo kwenye beseni, akaketi karibu naye. Hakumwambia kwamba si kosa lake. Alisema, "Nipe simu yako nione hiyo app."

Akaikagua. "Hii inachukua nafasi kubwa," alisema. "Kwenye simu yako haisumbui, kwa sababu simu yako ni mpya. Kwa mtu mwenye simu kama ya huyo mzee, ni gunia la mahindi kwenye kapu la mayai. Na hii ni ya simu za Android peke yake. Mwenye iPhone akitaka, lazima utengenezewe nyingine. Ni kazi mbili na mafundi wawili, na kila ukibadilisha kitu unabadilisha kote."

"Lakini makampuni yanazo."

"Si yote. Biashara nyingi siku hizi zinachagua aina nyingine. Ngoja nikuonyeshe."

Harieth alichukua simu yake mwenyewe. Akafungua kivinjari, yaani ile programu ambayo watu huitumia kutafuta vitu mtandaoni. Akaandika anwani fulani. Ukurasa ukafunguka.

"Hiki ni kituo cha afya ya mifugo huko kwetu. Unaonaje?"

"Inafanana na app."

"Inafanana, na inafanya karibu kazi zote za app. Lakini sikupakua kitu kwenye duka la programu. Ni tovuti iliyotengenezwa ifanye kazi kama app. Mtu anatumiwa linki kwa ujumbe, anaibonyeza, imefunguka. Simu ya zamani sawa, simu mpya sawa, kompyuta sawa. Inatengenezwa moja tu, kwa wote."

"Na kila siku nitafute anwani?"

"Hapana. Angalia." Harieth alibonyeza vile vidoti vitatu vya juu pembeni, akachagua kuiweka kwenye uso wa simu. Alama ndogo ikatokea kati ya alama nyingine. "Kesho nabonyeza hapa tu. Na nafasi inayochukua ni ndogo sana. Kama picha moja au mbili."

Lukresia aliposikia neno picha, alifumba macho.

"Na mtandao ukikata?" aliuliza. "Kule Mwamapalala unakatika mno."

Harieth alizima data, akabonyeza tena ile alama. Ukurasa ukafunguka kama mwanzo. "Ukishaufungua mara moja ukiwa na mtandao, unajihifadhi. Utasoma ulichokiona mara ya mwisho. Fundi akitengeneza vizuri, hata agizo unaweza kuliandika bila mtandao. Linasubiri, mtandao ukirudi linakwenda. Ila lazima umwambie fundi mapema kwamba unataka hivyo."

"Na nikibadilisha kitu?"

"Unabadilisha upande wako tu. Mteja akifungua akiwa na mtandao, anakuta kipya. Hapakui tena."

Lukresia aliichukua simu, akabonyeza ile alama mwenyewe. Kisha akasema, "Raymond alitaka kuniambia haya. Nilimkatiza."

"Sikiliza, mama Josia. App za kupakua si mbaya. Kuna kazi zinazozihitaji, kama michezo mikubwa ya simu, au programu inayotumia vifaa vya ndani ya simu kwa muda mrefu. Wewe unataka watu wajue chanjo imefika, waagize. Kwa kazi hiyo, njia nyepesi inatosha. Na kuna jambo moja hakuna programu itakayolitatua."

"Lipi?"

"Wenye vitochi, zile simu ndogo za vitufe. Hao hawawezi kufungua app wala tovuti. Hao ukiacha kupokea simu, umewafungia mlango."

* * *

Kumpigia Raymond kulikuwa kugumu kuliko alivyodhani. Alishika simu, akaiweka, akaishika tena.

"Raymond, mwanangu. Ile njia nyepesi uliyoitaja mwanzoni, nikakukatiza. Nataka hiyo."

 "Sawa, mama," alisema Raymond. "Na mimi nilipaswa kusisitiza."

"Usijilaumu. Nilikuwa sitaki kusikia. Sasa nakusikia. Uliza maswali yako yote."

Raymond akauliza. Simu za wateja ni za namna gani? Mtandao uko vipi vijijini? Wanasoma Kiswahili cha namna gani? Safari hii Lukresia hakukisia. Alikaa mlangoni wiki nzima, akawauliza wateja mmoja mmoja, akaandika kwenye daftari. Picha yake ya kitenge aliiondoa. Mahali pake aliandika maneno makubwa: CHANJO IPO au CHANJO HAIPO.

Kisha akatuma ujumbe kwa mzee Luhaga, akamwomba apite dukani siku ya soko, kama atapenda. Mzee alikuja. Duka lilikuwa na watu, na baadhi yao walikuwepo siku ile ya kicheko. Januarius alitaka kuwapeleka wawili hao chumba cha nyuma.

"Hapana," alisema Lukresia. "Nilimtukana hapa."

Akatoka nyuma ya meza, akasimama mbele ya mzee, akapiga goti moja kama binti anavyomsalimia mkubwa.

"Baba, nilikuambia mbele za watu kwamba simu yako imejaa takataka. Haikuwa takataka. Simu yako haikuwa na kosa, wala wewe. App yangu ndiyo iliyokuwa nzito, na mimi nilikuwa mzito zaidi. Sikupokea simu zako. Naomba unisamehe."

 Mtu mmoja akakohoa.

Mzee Luhaga aligeuza kofia yake mikononi. "Kufuta nilifuta mwenyewe, mayu," alisema. "Lakini maneno yale yaliniuma."

"Yalikuwa maneno mabaya."

"Yalikuwa mabaya," alikubali mzee. Hakuharakisha kumfariji. Kisha akasema, "Inuka. Kama una kitu kipya, nionyeshe. Nimebaki na kuku watatu, na wawili wameanza kutaga."

Lukresia alimtumia linki. Mzee akaibonyeza kwa kidole chake kigumu cha jembe. Ukurasa ukafunguka. Lukresia akamwelekeza vidoti vitatu, mzee akaweka alama kwenye uso wa simu. Halafu, bila kuambiwa, akazima data na kujaribu tena. Bado ulifunguka. Akainua uso.

"Na haikuniambia nifute kitu," alisema.

 Lukresia aligeukia rafu, akajifanya anapanga vichupa.

* * *

Chanjo iliyofuata ilifika mwezi wa kumi na mbili. Siku mbili kabla, maagizo yalifika sabini na mbili. Mama mmoja wa Mwamapalala, Nyanda, aliandika lake wakati mtandao umekata tangu asubuhi. Lilikaa likisubiri kwenye simu yake, likaingia jioni. Alikuwa amekusanya majirani wanane, kwa sababu kichupa kimoja kinatosha kuku wengi na kikishafunguliwa hakihifadhiwi. Wenye vitochi walipiga simu kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, kama tangazo jipya la mlangoni linavyosema, na Januarius aliandika majina yao.

Siku ya kuchukua, watu walikuja kwa saa walizopangiwa. Hakuna aliyerudi bure. Madam Harieth alipita akielekea chuoni, akachungulia, akapunga mkono.

Kuna mteja mmoja mgeni, kijana aliyevaa vizuri, aliyemuuliza Lukresia, "Mama, mbona hamna app? Siku hizi kila biashara ina app."

Zamani swali hilo lingemchoma. "Tulikuwa nayo," alijibu. "Iliwagharimu watu. Nipe namba yako nikutumie linki."

Aibu yake haikuisha. Kila alipomwona mzee Luhaga, ilirudi na kumkaa kifuani, na hakuifukuza. Aliona ni haki ikae.

Mzee mwenyewe alifika saa tatu, na chupa ya chai iliyojaa barafu badala ya chai. Sasa alikuwa na kuku kumi na tisa, wengi vifaranga wakubwa, na majirani wanne walikuwa wanamsubiri. Lukresia alitumbukiza kichupa kwenye barafu, akafunga kifuniko vizuri.

"Baba, kaa kidogo. Nimepika chai, na maandazi yapo."

Mzee Luhaga alikuwa ameshapanda bodaboda. Aliishika ile chupa kifuani kwa mikono miwili.

"Siku nyingine, mayu," alisema. "Chanjo haisubiri chai."